Yai la Waingereza

Mpira wa raga una sheria kali: vipande vinne, urefu sentimita 28 hadi 30, uzito gramu 410 hadi 460. Vipimo vya sonara, kwa kitu ambacho kikishadunda hata refa hajui kinaelekea wapi! Asili yake ni kibofu cha nguruwe. Mafundi viatu wa mji wa Rugby, William Gilbert na Richard Lindon, walikivika ngozi. Kilipulizwa kwa mdomo, kikiwa kibichi, na harufu yake. Mwaka 1892 umbo la yai likawa amri. Nguruwe hakuulizwa. Siku hizi kibofu ni cha mpira, lakini umbo limebaki la nguruwe. Niliwahi kujaribu kuudaka mpira huu. Uliangukia mbele yangu, ukafikiri kidogo, ukanipiga pua.