Jinsi ya Kumrithi Mzee Kabla Hajazikwa

Kwanza, kiti usikitake. Yaani kitake usiku kucha, lakini asubuhi ukiingia kwenye kikao cha Politburo, kamati ya vigogo wa chama tawala cha Usovieti, kaa palepale ulipokaa jana, na mtu akikuuliza hali ya Katibu Mkuu, mjibu ana mafua. Ndivyo walimwengu walivyoambiwa Novemba 1983, Katibu Mkuu Andropov alipokosekana kwenye gwaride. Mafua hayo yalimzika Februari.

Pili, shika makaratasi. Chernenko, aliyemrithi Andropov, hakuwa msemaji, wala mtu wa fikra. Alikuwa mtu wa mafaili: tangu 1965 aliongoza idara iliyopitisha nyaraka za Kamati Kuu. Mcheke ukipenda, lakini kiti alikikalia. Andropov naye, baada ya miaka 15 ya kuongoza KGB, idara ya ujasusi, aliiacha Mei 1982 akawahi nafasi ya marehemu Suslov kwenye Sekretarieti ya chama. Alijua kwamba mwenye siri za nyumba nzima, kama hana chumba ndani, ni mlinzi wa getini tu.

Tatu, usiwe na haraka ya kupigwa picha. Hapa ndipo alipoteleza Grishin, bosi wa chama jijini Moscow. Februari 1985 kulikuwa na uchaguzi na Chernenko yuko hoi. Wakamvalisha suti, wakapamba chumba kikafanana na kituo cha kura, wakaleta sanduku, wakawasha kamera. Nchi nzima ikamwona mzee pumzi imembana, kusimama kwenyewe kazi, na ubavuni mwake Grishin, kama mpambe wa bwana harusi. Wiki mbili baadaye bwana harusi akafa.

Sasa sikiliza vizuri. Redio ikiacha vichekesho na kuanza muziki wa majonzi, usihangaike kuuliza nani kafa. Uliza mwenyekiti wa kamati ya mazishi ni nani. Andropov, Chernenko, Gorbachev: mara 3 mfululizo, aliyekabidhiwa jeneza ndiye aliyekabidhiwa chama.

Na kama umri umekutupa mkono, nadi mtu mwingine. Gromyko, waziri wa mambo ya nje, alisimama Machi 1985 akampigia debe Gorbachev, kijana wa miaka 54; Julai akapandishwa kuwa mkuu wa nchi, cheo cha heshima na viti laini. Mwezi huohuo Romanov, aliyewahi kuwa bosi wa chama Leningrad na aliyekuwa na kambi yake ya kukiwania kiti, akastaafishwa kwa sababu za kiafya, akiwa na miaka 62. Alifariki 2008.