Sifa za Ubao wa Matangazo wa Serikali ya Mtaa

Ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa ni kipande cha plaiwudi kilichogongomelewa ukutani, kando ya mlango wa ofisi ya mtendaji, usawa wa macho ya mtu mzima. Kazi yake ni kuwajulisha wakazi yaliyotokea, yanayotokea na yatakayotokea mtaani kwao: mikutano, chanjo, uchaguzi, usafi, kukatika kwa maji. Magazeti huuzwa, redio hupiga kelele, televisheni hutaka umeme. Ubao peke yake huhabarisha umma bila kumsumbua mtu, na kwa sehemu kubwa bila mtu kupata habari. Kwa utumishi wa namna hiyo, heshima unayopewa ni ndogo mno.

Uzito wa jukumu lake huonekana kwa hesabu. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyoipata hadhi hiyo Februari 2021 Manispaa ya Ilala ilipopandishwa baada ya halmashauri ya jiji ya zamani kuvunjwa, ina kata 36 na mitaa 159. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu humo watu 1,649,912. Kwa kugawanya tu, kila mtaa unaangukiwa na watu kama 10,377, na wote hao wanategemewa kusoma karatasi moja ya A4. Kila mmoja akitumia dakika moja mbele ya ubao, foleni itakwenda siku 7 mchana na usiku, na wa mwisho watasoma habari za mkutano uliokwisha siku nyingi. Tangazo lenyewe aghalabu hutoka siku tatu kabla, pengine asubuhi ya siku ile ile. Wakazi wanaopita pale bila kugeuza shingo, basi, wasihesabiwe kuwa wazembe. Wanapishana.

Kabla ya ubao ilikuwako mbiu. Katika miji ya pwani pembe ilipopulizwa watu walitoka nje kabla ya kujua sababu, na hadi leo husemwa kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kasoro ya mbiu ilikuwa hapo hapo kwenye nguvu yake: haikumwachia mtu nafasi ya kutosikia. Serikali za mitaa zilipofutwa 1972, zikarejeshwa mijini 1978 na kupewa sheria mpya 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, nchi ilikuwa imekwisha kuingia katika zama za faili na muhuri. Tangu hapo jambo halikuhitaji tena kulia ili liwe jambo, lilihitaji kubandikwa.

Ubao wenye hadhi una kioo. Ni vioo viwili vinavyotelezeshwa, kimoja mbele ya kingine, katikati pana kufuli dogo, na ufunguo wa kufuli hilo yuko nao mtendaji aliyehamishwa. Nyuma ya kioo hubaki hazina isiyoguswa na mkono wa mtu: kalenda ya mwaka uliopita, bango la kunawa mikono la 2020, orodha ya wajumbe wa kamati ambao wawili wameshahama na mmoja ameshazikwa, na utando wa buibui katika pembe ya juu. Matangazo mapya, kwa kuwa hayana njia ya kuingia ndani, hubandikwa juu ya kioo kwa selotepu au kwa uji wa unga wa ngano. Kioo kiliwekwa ili kuikinga karatasi na mvua. Sasa karatasi ndiyo inayokikinga kioo, na inaifanya kazi hiyo hadi mvua ya kwanza ya vuli.

Katika yote yanayobandikwa, lililo bora ni tangazo la mkutano mkuu wa mtaa, yaani kikao cha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kichwa chake huanza na "YAH:", kikifuatiwa na herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Mahali ni uwanja wa shule ya msingi. Muda ni saa 3:00 asubuhi, ambayo kwa mapatano ya siku nyingi yasiyoandikwa popote ina maana ya saa 5. Kisha huja maneno "bila kukosa", yaliyowekwa pale kwa ajili ya wale wachache ambao wangefika hata yasingewekwa. Chini kabisa ipo sahihi iliyojikunja kama mnyoo uliokanyagwa, na juu ya sahihi muhuri wa wino wa bluu, uliogongwa kwa nguvu upande mmoja hata nusu ya jina la mtaa inasomeka na nusu inakisiwa. Karatasi isiyo na muhuri, hata ikitangaza mafuriko, ni uvumi.

Ajenda za mkutano huo hazibadiliki, na humo mna huruma kubwa kwa asiyesoma, maana tayari anazijua: kufungua mkutano, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, mapato na matumizi, ulinzi na usafi, mengineyo, kufunga mkutano. Wataalamu wa kale walioamua kwamba kufungua na kufunga nazo ni ajenda kamili waliona mbali. Mkutano unaoahirishwa kwa sababu akidi haikutimia unakuwa umekamilisha mambo mawili kati ya saba, na muhtasari utaandika hivyo. Yatokanayo hutokana na kikao kilichopita, ambacho nacho akidi haikutimia. Lakini mtaa wenyewe unaishi kwenye "mengineyo". Mtaro unaotapika kila mvua ikinyesha, baa inayokesha na muziki, mbwa wa nyumba ya geti jeusi, taa ya barabarani iliyozimika tangu kampeni, fedha ya ulinzi shirikishi inayochangwa na walinzi wasioonekana: yote hayo hayana ajenda yake, yamo katika neno moja, la sita kati ya saba, linalofikiwa jua likiwa utosini na wenye viti wameshaondoka navyo.

Karibu na tangazo la mkutano hukaa matangazo ya maji na umeme. Uzuri wake umo katika orodha ya maeneo yatakayoathirika. Orodha hiyo hutaja mitaa kwa majina, moja baada ya jingine, kwa umakini wa mpima ardhi, kisha humalizia kwa "na maeneo ya jirani". Hakuna kifungu cha maneno katika utawala wa miji chenye ukarimu kuliko hicho. Mtu ambaye mtaa wake haukutajwa halali gizani akijiona mpweke. Kila mtu ni jirani wa mtu. Radhi nayo huombwa mapema kwa usumbufu wowote utakaojitokeza, ili usumbufu ukichelewa, ukute radhi imeshatangulia na kukaa.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi pia una tangazo lake. Tangu sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 zilipogeuzwa siku ya kufagia nchi nzima, tangazo hilo limekuwa halihitaji kuandikwa upya. Hubadilishwa tarehe kwa kalamu ya wino, na mwezi wa tano au wa sita tarehe zilizofutwa hufanana na reli. Lipo pia tangazo la mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo iliyositishwa 2023 ikarudi 2024. Ubao ambao haukubanduliwa kitu katika muda wote huo ulidanganya mwaka mzima, halafu ukarudi kusema kweli, kwa sehemu kubwa, bila mtu kuugusa. Gazeti haliwezi hilo.

Wenye haraka ya kuushutumu ubao wasisahau kwamba sheria yenyewe inauamini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hutaka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, nayo itangazwe, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo la mirathi la mahakama ya mwanzo hubandikwa kwa nia hiyo hiyo. Ndoa ngapi zimefungwa kwa amani kwa sababu tu mwenye pingamizi hakupita mbele ya ubao siku hizo 21, hakuna anayejua, na wanaoishi katika ndoa hizo hawana sababu ya kuuliza.

Mara moja kila miaka mitano ubao husomwa kweli. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 wakazi walijiandikisha kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kisha orodha zikabandikwa ili zikaguliwe. Wakati kama huo watu hujaa barazani. Mzee huweka kidole kwenye karatasi na kushuka nacho jina kwa jina. Akifika kwenye lake huligonga mara mbili, akageuka kuwatazama waliosimama nyuma. Kijana husoma majina ya wengine tu. Mama mwenye mtoto mgongoni hukuta jina la mumewe limeandikwa mara mbili na lake halipo. Kwa siku chache hizo plaiwudi ile hupata wasomaji wengi kuliko chombo chochote cha mtaa, na uchaguzi ukipita hupumzika.

Nafasi inayobaki pembeni, isiyotumiwa na serikali, hutumiwa na wananchi wenyewe: chumba na sebule, umeme wa kujitegemea, twisheni ya hesabu, fundi wa friji, cheti cha kidato cha nne kilichopotea, atakayekiona apewe soda, na mganga kutoka mbali anayerudisha mali iliyoibwa na mume aliyeondoka. Hili la mganga halina muhuri. Ndilo pekee ambalo namba yake ya simu ikipigwa hupokelewa.

Fadhila kubwa ya ubao, hata hivyo, huonekana panapotokea ugomvi. Mkazi amedaiwa mchango wa kuzibua mtaro, amekuja ofisini kanga kiunoni. "Mama yangu, sisi tulibandika," anasema mwenyekiti. "Sijakataa, mwenyekiti, ila sisi hatukuona." Basi. Tulibandika ni kweli, na karatasi ipo. Hatukuona ni kweli vilevile, hakuna wa kuapishwa. Pasingekuwa na ubao, mmoja wao angelazimika kuwa mwongo, na kwa kuwa mmoja ana muhuri na mwingine ana ndugu saba mtaani, mambo yasingeishia barazani. Ubao umetenganisha kutangazwa na kujulikana, ukampa kila upande nusu yake. Mabaraza ya usuluhishi yana bajeti na hayajafikia hapo.

Wapinzani wake ni dhaifu. Gari la matangazo hupita kwa mwendo ambao mtu aliye nyumbani hupata theluthi ya katikati ya habari: "...wote mnatangaziwa kwamba kesho, nasema kesho, bila kukosa..." Nini kesho, kilisemwa kona ya nyuma, wapi, kitasemwa kona ya mbele. Magrupu ya WhatsApp yana kasi, lakini tangazo la chanjo hufika likiwa limeviringwa na dua, picha ya waridi na onyo kwamba chanjo hiyo hiyo ni hatari. Kipaza sauti cha msikiti peke yake kinaaminika, nacho hutangaza msiba, habari isiyohitaji kutangazwa: turubai likishafungwa barabarani na mabenchi yakateremshwa kwenye mkokoteni, mtaa mzima umeshajua nani, saa ngapi na anazikwa wapi, na watu hufika kabla ya muda. Ni kweli kwamba mambo ya aina hii yanautia ubao aibu kidogo. Ila hakuna aliyewahi kupendekeza mapato na matumizi yatangazwe kwa turubai.

Karatasi haikai ukutani milele. Upepo hunyofoa nyingine. Nyingi hubanduliwa kiongozi wa mkoa akitarajiwa kufanya ziara, ili ubao upakwe rangi na aukute mtupu na safi. Mabaki hurundikwa stoo pamoja na nakala zilizozidi, kisha huishia kwa muuza karanga, ambaye hukata kila A4 vipande vinne na kuvikunja kuwa vifuko. Kifuko hicho hufika kituo cha daladala jioni. Abiria hula karanga moja moja, foleni haisogei, simu haina chaji. Zikiisha hukifungua kifuko kutafuta iliyobanana pembeni, na hapo, kwa wino uliofifia, hukuta robo ya muhuri, maneno "saa 3:00 asubuhi bila kukosa", na chini yake "6. Mengineyo". Huyasoma yote, polepole, hadi mwisho wa karatasi, kisha huigeuza upande wa pili kuona kama kuna chumvi iliyobaki.