Namna ya Kumkimbilia Marehemu

Kabla ya yote, hakikisha mzazi ameshafariki. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo watoto wenye papara ambao hutaka kukusanya michango mgonjwa angali anahema. Mimi nilikuwa mmoja wao, najua inavyokwenda. Mgonjwa hana mvuto. Anataka nauli ya basi hadi Mwanza, anataka chumba cha kulala karibu na Hospitali ya Bugando, anataka mtu wa kumshikia beseni. Ukiyaandika hayo kwenye kundi la ukoo saa mbili usiku, mpaka asubuhi utakuwa umepata vile viganja viwili vilivyobanana, kumi na saba, na mjomba mmoja wa Dar es Salaam aliyeandika "Tupo pamoja".

Mwenye mvuto ni marehemu. Siku Tata, baba yangu, alipokata roho, kundi lile lile, jua halijafika utosini, lilikuwa limeshapata jeneza lenye kioo, mahema matatu, vipaza sauti, ng'ombe wawili na basi zima la kuwaleta wale waliokuwa pamoja. Usiku wa matanga nilikaa kibanjani nyuma ya nyumba nikapiga hesabu. Yule ng'ombe wa pili peke yake angempeleka Mwanza na kumrudisha mara sita.

Kwa hiyo usitegemee nikufundishe kumtibu mzazi. Nitakufundisha kumkimbilia akishalala chini ya migomba, maana hapo ndipo sisi wa huku Kagera, kuanzia Kaagya hadi Muleba, tunapokuwa hodari.

Hatua ya kwanza ni jina. Iite marathoni. Najua marathoni ni kilomita 42.195, kipimo kilichotumika kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na baadaye kuganda hivyo, lakini hilo ni la Waingereza. Moshi nako wanazikimbia zote, tangu 2003, chini ya Kilimanjaro, nao wana haki yao. Kwingine Tanzania, marathoni ni shughuli yoyote yenye fulana. Kilomita tano ni marathoni. Matembezi ya hiari nyuma ya bendi ya matarumbeta ni marathoni. Ukitangaza "mbio fupi za kumkumbuka baba yetu" atakuja mdogo wako na mbwa. Tangaza marathoni, mkuu wa wilaya mwenyewe atauliza tarehe.

Hatua ya pili ni kamati, na hapa kama wewe si Mhaya ruka aya hii, haitakuumiza. Sisi tuna neno nshomile: mtu aliyesoma, na ambaye hakuachi usahau kwamba amesoma. Kamati yetu ilikuwa na watu tisa, saba kati yao wenyeviti. Kikao cha kwanza kilijadili kama tuandike "saratani" au "kansa". Cha pili kilirudia cha kwanza kwa Kiingereza. Cha tatu kiliunda kamati ndogo ya mapitio ya vikao viwili vilivyotangulia, mwenyekiti wake akiwa binamu mwenye shahada ya pili ya samaki. Shangazi yangu, dada yake Tata, aliyeishia darasa la nne, alisikiliza yote kutoka mlangoni akimenya ndizi, halafu akauliza: "Waitu, mtu analipa hela ili akimbie? Mbona mwizi hukimbia bure?" Swali lake liliingizwa kwenye kumbukumbu za kikao chini ya "Mengineyo".

Tarehe. Usiweke Machi mpaka Mei, mvua ya Bukoba haina adabu. Usiweke Novemba wala Desemba, kwa sababu senene wakishuka hakuna atakayekushangilia. Wote watakuwa barabarani, kweli, lakini wameinama, na ukiwakanyagia senene wao usilaumu kitakachokupata. Jumapili ni kanisani. Jumamosi ni harusi na misiba. Tulichagua Jumamosi ya Julai, tukagongana na misiba miwili na harusi moja. Washiriki wetu kadhaa walikimbia wakiwa na kadi za mwaliko kwenye soksi.

Sasa fulana, ambayo ndiyo marathoni yenyewe. Lazima iwe na picha ya marehemu kifuani, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na maneno mazito mgongoni ambayo hakuwahi kuyasema. Picha itakusumbua. Wazee wetu walipigwa picha mara chache, na kila mara walidhani wanapigwa kwa ajili ya polisi. Tulipata moja ya kitambulisho, Tata amekaza taya kama anayedaiwa. Ikachapwa.

Kuna jambo kuhusu picha ya kifuani ambalo hakuna atakayekuambia. Tata alikuwa na saratani ya umio, wenyewe tuliita kansa ya koo. Ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki unayo kwa wingi, na tabia yake ni ya taratibu: kwanza nyama inakwama, baadaye ndizi, baadaye uji, mwisho maji. Mtu wa Kagera anayeshindwa kumeza ndizi ameshaanza kuhama. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi minane, naye akazimeza kwa shida akishukuru. Alikufa ana kilo arobaini na mbili. Basi asubuhi ile ya Jumamosi shemeji yangu, mwenye kitambi cha heshima, akavaa fulana yake, na uso wa Tata ukatanuka. Mashavu yakajaa. Shingo ikarudi. Shemeji alipokimbia, Tata alicheka, na Tata hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Nilijikuta nakimbia kinyumenyume ili nimtazame, nikamkanyaga mweka hazina.

Kwa hiyo, shauri langu: fulana agiza kubwa, wavaaji wachague wanene.

Njia ya kukimbilia. Mimi nilitaka tuanzie Kaagya, nyumbani kwenye kaburi, tumalizie Kaitaba uwanjani. Simu ilitoa umbali wake, bodaboda akatoa wake, shangazi akasema ni hapo tu. Kamati ikaamua kilomita kumi za mjini, kwa sababu mgeni rasmi hawezi kuharibu viatu. Ukiwa Bukoba kumbuka mji huu ulijengwa bondeni kati ya vilima na ziwa: unakotoka ni tambarare na upepo mwanana, ukipandisha kuelekea Ihungo unaanza kukiri dhambi. Na uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari hata ukisimama ufukweni na miguu imelowa.

Mazoezi? Utasema huna muda. Kila mtu husema hivyo, halafu anamtaja Alphonce Simbu. Ni kweli, Septemba 2025 kule Tokyo Simbu alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni, wa kwanza kwa Tanzania, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda uleule, 2:09:48, mpaka picha ya mstarini ikaamua. Lakini usidhani uzalendo huo umehamia kwenye mapaja yako. Na ukifika wa mwisho usijifananishe na John Stephen Akhwari wa Mexico 1968, aliyeingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, goti limefungwa bandeji. Yeye alianguka njiani. Wewe ulikula chapati nne.

Mbio zitangazwe saa kumi na mbili asubuhi kamili. Mgeni rasmi atafika saa tatu na robo. Katikati mtapasha misuli, mtapoa, mtapasha tena. Mwalimu wa mazoezi ya muziki atawarusha mpaka wenye umri wa Tata waombe viti. Sisi tulikuwa tumekimbia kilomita kumi papo hapo tulipo kabla bendera haijashushwa. Kisha hotuba. Mheshimiwa alisema saratani haina chama. Akakimbia mita hamsini, mpiga picha akiwa mbele yake, akaingia kwenye gari.

Kituo cha maji, kilomita ya sita, tulimpa shangazi, na hilo ni kosa nililolifanya kwa mapenzi. Nilimkuta na birika tatu za chai inayotoa moshi. Nikamweleza, huku nahema, kwamba mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, vinaelekea kusababisha saratani hiyohiyo ya umio tunayoikimbilia. Akaniuliza kama nimeipima. Nikasema sijaipima. "Basi kunywa ukapime," akasema. Na Tata, kwa kweli, alikunywa chai namna hiyo maisha yake yote, moja kwa moja kutoka jikoni, akimcheka anayepuliza. Nilimwaga yangu kwenye mgomba shangazi alipogeuka. Mgomba sina habari zake.

Sasa pesa, na hapa kejeli yangu inaniishia kidogo, nivumilie.

Wenzetu ng'ambo ya Mutukula walianza mbio za saratani za Rotari mwaka 2012, Kampala, wakitaka kujenga kituo cha saratani Hospitali ya Nsambya, na kweli kituo kikajengwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda ilipoharibika pale Mulago, nchi nzima ikabaki bila mionzi, ndipo wengi walipoelewa kwa nini wale watu walikuwa wakitoka jasho. Kwetu, mbio za benki ya NBC za Dodoma tangu 2020 zimechangia wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi kupitia taasisi ya saratani ya Ocean Road. Na mzee wa ukoo huu wote wa wakimbiaji ni kijana wa Kanada, Terry Fox, ambaye saratani ya mfupa ilimwondolea mguu, naye tarehe 12 Aprili 1980 akauchovya ule wa bandia baharini akaanza kuivuka nchi. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomkuta tena mapafuni. (Usimuige kwa kuchovya wako ziwani. Mguu wa bandia haupati kichocho.)

Kwa mifano hiyo, kamati yetu ilipendekeza tujenge hospitali ya rufaa ya saratani. Mfukoni, baada ya kulipa fulana, mahema, muziki, mafuta ya gari la mgeni rasmi na supu ya mgeni rasmi, mlikuwa na pesa ya kujenga choo chake, bila mlango.

Shangazi akauliza tena kutoka mlangoni, safari hii bila ndizi: "Mlipokuwa mnamhangaikia kaka yangu, mlikosa hospitali au mlikosa nauli?"

Hospitali ilikuwepo. Zamani mtu wa huku alipohitaji mionzi aliambiwa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tatu. Siku hizi Bugando inayo. Lakini mionzi si sindano ya siku moja. Unapigwa leo, unarudi kesho, siku tano kwa juma, majuma kadhaa. Aliyetoka Kaagya au Muleba hawezi kwenda na kurudi, inabidi apange chumba, ale, na awe na mtu. Tata alipigwa siku tisa. Ya kumi ilikuwa Ijumaa, na mwenye nyumba alitaka kodi ya juma linalofuata mkononi. Tukarudi naye, tukasubiri kivuko pale Kigongo kwa saa mbili na nusu, upepo wa ziwa ukimpiga, akasema kimzaha kwamba angalau amekula bata Mwanza. Sasa kuna daraja, tangu Juni 2025, kilomita tatu, unapita bila kupunguza mwendo. Mimi hupunguza.

Hospitali ya rufaa ikaondolewa kwenye ajenda kwa kura nane kwa moja, binamu wa samaki akipinga. Badala yake tukaunda mfuko, ukaitwa Nauli. Kamati ilitaka jina refu zaidi, lenye neno "mpango mkakati", lakini mweka hazina, mguu wake ungali umevimba, aligoma kuliandika kwenye daftari.

Mpaka naandika haya mfuko umelipia watu watano: basi, chumba, chakula, na msindikizaji. Wawili wamemaliza mionzi yao yote. Mmoja hakurudi, na ukoo wake, nimesikia, unapanga marathoni. Nimewatumia mwongozo huu na tahadhari ya ng'ombe wa pili.

Zimebaki fulana. Zitabaki tu, hata ukiagiza kwa hesabu ya darasa la kwanza. Za kwetu zilikuwa sitini na mbili, zote kubwa. Shangazi alizigawa bila kikao: vibarua wa kahawa, wauza dagaa, vijana wa kijiweni. Kwa hiyo Tata sasa yuko kila mahali. Nimemwona Kemondo akipakia magunia. Nimemwona amelala kwenye benchi nje ya baa, jambo ambalo mama hatalisikia kwangu. Juzi nimepishana naye pale mzunguko wa Rwamishenye, amependeza, mashavu yamejaa, anaendesha pikipiki yenye abiria wawili na mkungu wa ndizi, hana kofia ngumu. Nikampigia kelele avae.