Mapanga Matatu, Washauri Thelathini

Mwamba wa Mbudya siulaumu. Uko pale pale miaka yote, na maji ya bamvua yakipwa hutoa mgongo ukaonekana na kila mwenye macho, isipokuwa shemeji yangu, aliyekuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na paja la kuku kwa mkono wa pili. Krrrr! Tukarudi Kunduchi mwendo wa kobe, boti ikitetemeka kama ina homa. Nilipoinua mashine, panga moja la propela lilikuwa limekunjika kama sikio la mbuzi. La pili lilikuwa limebaki nusu.

Mimi nilidhani propela hununuliwa kama balbu: unakwenda na mbovu, unasema nipe kama hii.

"Shikamoo mzee," kijana wa dukani akaniamkia. "Pichi ngapi?"

Nikamwonyesha namba zilizochongwa kwenye propela. Mwamba ulikuwa umezikwangua zote, ikasalia 11 peke yake. Kumbe zinatakiwa mbili: ya kwanza upana wa duara, ya pili ndiyo hiyo pichi, zote kwa inchi. Sasa hii 11 ni ya mbele au ya nyuma? Hapo kila aliyekuja kununua plagi akageuka mhandisi.

Pichi yenyewe, nilivyoelezwa, ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. Lakini maji si ubao, kwa hiyo umbali wenyewe haufikiwi. Yaani nalipia inchi za safari ambayo boti haitasafiri.

Shemeji akanivuta pembeni. "Chukua 14, shem. Namba kubwa, mbio kubwa." Nikachukua 14. Nilitaka hata ile ya stenlesi inayong'aa, nikasikia bei, ghafla nikaipenda alumini.

Jumapili tukapakia watoto, mashangazi na deli la barafu. Nikasukuma moto mpaka mwisho. Mashine ikaguna, pua ya boti ikatazama mbinguni, mkia ukazama, ikagoma kupanda juu ya maji. Ngalawa ikatupita. Mzee aliyekuwemo alituangalia kwa huruma, kisha akaendelea kula muwa.

Fundi wa ufukweni alipoona 14 alicheka mpaka akakaa chini. "Bosi, hii ni kupandisha mlima Kitonga na lori la mahindi kwa gia ya tano." Kitabu cha mashine yangu ya farasi 40 kinataka raundi 4,500 hadi 5,500 moto ukiwa wote. Kila inchi ya pichi unayoongeza, akasema, hula raundi 150 mpaka 200. Kwa boti ya familia yangu (hapo akawatupia jicho mashangazi, kwa adabu) dawa ni 11. Na stenlesi nisiililie: kwenye miamba hii, bora panga likunjike kuliko gia za ndani zisagike.

Akachomoa funguo kwanza, mashine isije ikamkata. Akakaza kipande cha mti kati ya panga na lile bamba la juu yake ili propela isizunguke, akanyoosha pini, akafungua nati. Nyuma ya propela akakuta mshipi wa kuvulia umejiviringisha kwenye shafti, tayari kuitafuna sili ya mafuta. Aliuvuta taratibu, karibu pima mbili. Sina hata ndoano nyumbani. Akapaka grisi, akafunga 11, na boti ikapanda kabla hata shangazi mkubwa hajamaliza bismillahi.

Nikairudisha ile 14 dukani. Hairudishwi, wakasema. Imeshalowa.

Sasa iko sebuleni, inazuia mlango usijibamize kwa upepo. Mke wangu, Mama Zuhura, ameridhika nayo. Anasema kwa mlango ule, pichi 14 inatosha kabisa. Shemeji naye alipita jana kuuliza usukani ni zamu ya nani Jumapili.