Mhadhara Juu ya Joto, Unyevu na Nidhamu ya Mfuniko

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, ndugu wafugaji, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa, tena na mimi mwenyewe, niwafumbue macho kuhusu sayansi ya kutotolesha mayai ya kuku nyumbani. Wengi wenu mna boksi, balbu na dua. Mimi nina kipimajoto.

Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5. Isiyo na feni, hewa ya moto hupanda na ya chini hubaki imepoa, kwa hiyo pima usawa wa migongo ya mayai, utafute kama 38.5. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani mwa boksi kinakupa habari za ukuta. Watotoleshaji wa Misri, katika matanuri yao ya matofali ya udongo, waliligusisha yai kwenye kope wakajua joto lake. Nawaheshimu, ila kope zangu zina majukumu mengine.

Sasa unyevu, mahali wanapoangukia wasiosoma. Yai linapumua kupitia vitundu vya ganda, na kabla ya kuanguliwa lazima lipoteze maji, asilimia 12 hadi 14 hivi ya uzito wake. Ndipo chumba cha hewa kwenye ncha butu hupanuka, kifaranga apate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Siku 18 za mwanzo, asilimia 45 hadi 55 inatosha. Jirani yangu alijaza mabakuli ya maji mpaka kioo kikatoka jasho. Vifaranga wake walifia ndani ya mayai, wameloa, kwa ukarimu wake.

Kugeuza: mara tatu au tano kwa siku, hesabu iwe witiri, upande uleule usilaliwe kila usiku. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi, uache matundu ya hewa. Tuendelee.

Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu ufike 65 hadi 75, kisha funga. Nasema funga! Kifaranga akishatoboa ganda, kila ukifungua unatoa hewa yenye unyevu, utando wa ndani unakauka na kumbana kama sanda, asiweze hata kujizungusha. Wala usimwonee huruma aliyetangulia kutoka: ameingia duniani na kiini tumboni, chakula cha siku mbili. Muuaji mkuu wa vifaranga nchini ni mtu anayechungulia.

Kwa bahati njema, mayai haya mbele yenu leo yana siku 20. Mawili yameshatobolewa, niliyaona alfajiri nilipofungua, nikathibitisha saa nne, na tena wakati wa chai, kama utaalamu unavyodai. Mheshimiwa, karibu ufunue rasmi. Watafuata madiwani, kisha kina mama wa kikundi, mmoja mmoja, bila kusukumana. Mwenyekiti, shikilia mfuniko hapo hapo juu. Mpiga picha bado anabadilisha betri.