Tupa ya Shemeji

Huku kijijini kwetu Daudi, ukitamka neno rupia mbele ya watu, mazungumzo mengine yote yanakufa. Wengi wanaamini kwamba Mjerumani alipozidiwa vitani alizika mali yake kwenye misingi ya maboma na chini ya miti mikubwa, kwamba rupia halisi huvuta punje za mchele, na kwamba kuna mnunuzi mahali fulani anayelipa mamilioni. Watu wamechimba mashamba yao wenyewe kwa sababu ya maneno hayo. Mimi nakusanya sarafu za kale, hasa zile zilizogongwa muhuri wa pili baada ya kutoka kiwandani, na nyumbani kwangu tulikubaliana kwamba habari za kopo la Africafe ninamozitunza haziendi dukani wala kisimani. Mke wangu alilishika hilo. Watoto walilishika. Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, aliyekuwa kwetu akisubiri ajira, alilishika mpaka siku alipopata simu yenye kamera nzuri.

Niieleze kwanza rupia aliyoipiga picha, maana bila kuifahamu kisa chote hakina uzito. Niliipata nilipokuwa nafundisha Mtwara, kwa mzee mwenye nyumba niliyopanga, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka upande wa Mreno. Ni fedha ya India. Upande mmoja una sura ya Malkia Victoria na taji lake, upande wa pili imeandikwa thamani na mwaka 1862, ingawa rupia zenye mwaka huo ziliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile hadi 1874. Rupia za namna hiyo zilijaa pwani yote, kuanzia Mombasa hadi Unguja na kusini zaidi, zikitembea pamoja na reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780 usiobadilika. Lakini yangu ina kitu cha ziada. Shavuni mwa Malkia pamegongwa kiduara kidogo, ndani yake taji, na chini ya taji herufi mbili: PM. Hiyo ni Provincia de Moçambique. Kuanzia mwaka 1889 serikali ya Mreno iligonga muhuri huo kwenye rupia na reale za wageni ili zitambulike kuwa ni fedha halali katika nchi iliyoitawala.

Ukiipitisha kidole unauhisi muhuri. Chuma kilishuka kwa nguvu upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo taji limezama na mguu wa M umepanda juu kidogo. Ukigeuza upande wa pili, mkabala na hapo, maandishi yamelazwa na kishindo cha nyundo. Kuna mtu aliyeiweka rupia hii juu ya fuawe, akashika nyundo, akaipiga, na kuanzia dakika hiyo ikawa na uraia mpya. Warumi walifanya hivyohivyo. Jeshi lao la Kumi, lililobaki Yerusalemu baada ya mji kutekwa mwaka 70, liligonga herufi zake, na wakati mwingine picha ya nguruwe pori au ya jahazi, juu ya sarafu za shaba zilizokwisha kuchakaa. Sarafu safi inakwambia nani aliitengeneza. Iliyogongwa inakwambia pia ilifika wapi, na nani huko alikubali kuipokea. Kwangu mimi muhuri ndio roho ya sarafu, na Malkia ni gari tu lililoubeba.

Shemeji aliipiga picha, akamtumia mtu aliyejiita mnunuzi. Jibu likaja haraka: rupia ni nzuri, ila imeharibiwa; hiyo alama iondolewe, halafu bei itazungumzwa kwa mamilioni. Akaambiwa pia atangulize hela ya kipimo, na akaituma kwa simu, akiba yake yote ya vibarua vya kuvuna vitunguu. Mimi nilikuwa shambani, tunapalilia mahindi. Mke wangu alikuwa jumuiya. Kijana akatoa tupa bapa kwenye sanduku la vifaa vya plau, akaibana rupia kati ya mawe mawili nyuma ya zizi, akaanza.

Aliyemwona ni binti yangu wa darasa la nne. Alikimbia kwa bibi yake, ambaye watoto wote wanamwita Ama, akipiga kelele: "Ama, mjomba anakwangua hela ya baba!" Mama yangu hutembea kwa mkongojo, na kutoka jikoni hadi zizini kwake ni safari, lakini siku ile alifika. Hakugomba. Aliinyoosha mikono akaichukua tupa, akaishikilia kwenye kanga, akamuuliza kwa Kiiraqw, "Hiyo hela inakudai nini?"

Nilipofika jioni, M ilikuwa imebaki mguu mmoja. Taji lilikuwa zima na P ilikuwa nzima. Palipopita tupa pana weupe mkali wa fedha mpya katikati ya ule weusi wa zaidi ya miaka 100.

Tulikaa kikao usiku ule, sote, na moto. Kijana alisema, "Shemeji, nisamehe. Nilitaka tuinuke wote." Nilimwamini, na bado namwamini. Kilichoniuma zaidi ni kumwona mke wangu kati yetu, ndugu yake huku na mimi huku, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Alinishauri tuisugue sarafu yote kwa majivu na limau ili rangi ifanane. Nikamwomba tusiiguse. Ule weusi ni ngozi ya fedha, unaota wenyewe kwa miaka, na ukiuondoa umeondoa ushahidi kwamba muhuri ni wa zamani. Wako watu wanaogonga mihuri ya uongo leo kwenye rupia halali, na njia mojawapo ya kuwakamata ni kutazama kama weusi umeingia hadi ndani ya mifereji ya herufi.

Kesho yake wakaja watu wawili wa yule mnunuzi kwa pikipiki, na mfuko wa mchele. Mama aliwapokea, akawakaribisha chai ya maziwa, akawaacha wanywe mpaka wamalize. Kisha akawaambia kwamba Mjerumani alipoleta kodi ya nyumba, huko vijijini ilikuwa rupia 3, na babu yake aliuza dume ili kuzipata. "Nyumbani kwa babu zililala usiku kucha karibu na mtama," alisema, "na hazikuvuta hata punje. Zilimvuta ng'ombe tu." Walipotaka kuongea na kijana pembeni, mke wangu alisimama mlangoni, akawaambia kwamba mtendaji wa kijiji ameshaitwa. Waliondoka. Hela ya kipimo haikurudi.

Kuiuza sikuwahi kufikiria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na sarafu inayosimama mpakani namna hii, kwa maoni yangu, mahali pake baada yangu ni makumbusho. Nawaza Arusha, kwenye lile boma la Mjerumani, watoto wa shule waione bila kulipa nauli ya Dar es Salaam.

Kila sarafu yangu ina ukurasa kwenye daftari: imetoka kwa nani, ina uzito gani, ina jeraha gani. Nilimpa shemeji kalamu aandike ukurasa wa rupia hii, maana hakuna anayejua jeraha lake jipya kuliko yeye. Aliandika taratibu: tupa bapa, Daudi, herufi M, na jina lake kamili. Mama, ambaye hasomi, aliomba asomewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akamrudishia daftari.

"Na mimi niandike hapo," akasema. "Niliyeishika tupa."