Sifa za Gugu Maji

Wenye fedha wa Kampala wakitamani maisha ya matajiri wa Pasifiki, wale wanaotanga kisiwa hadi kisiwa, hushuka Munyonyo au Kaazi, wakavaa miwani myeusi na kuelekeza boti za starehe visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria. Visiwa viko 84. Wengi huona kimoja, wakapiga picha, wakageuza, maana Jumatatu ofisi inawangoja. Mimi sifa zangu nimemwekea baharia mwingine, gugu maji, anayeishi maisha hayo bila likizo.

Tazameni lilivyoundwa. Vikonyo vyake vimejaa hewa, halizami. Majani yamesimama wima kukinga upepo: hayo ndiyo matanga. Halijui bei ya petroli wala jaketi la kuokolea. Likitaka chombo cha pili linakizaa lenyewe, na mambo yakiliendea vizuri, wiki mbili tu limekuwa maradufu. Na lina huruma kwa abiria: vyura, nyoka, mbu, hata konokono wa kichocho, wote hupanda bure.

Kwao ni Amazoni. Watu walipendezwa na ua lake la zambarau, wakalitembeza bustani za dunia, na Pasifiki kwenyewe limefika, mto Sepik wa Papua Guinea Mpya. Kwetu lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likishushwa na mto Kagera, na hakuna afisa aliyeligongea muhuri. Miaka ya 1990 lilitanda maelfu ya hekta. Pale Port Bell meli za mizigo zilikwama zikingoja lipende kuondoka, na mabaharia wakapata mapumziko ambayo hakuna mwajiri angewapa. Sato walikosa hewa, ni kweli. Lakini kambare na kamongo, wanaojua kuvuta hewa ya juu, walistawi chini yake. Wanyonge nao waliokuwa na nyavu ndogo walibaki ufukweni wakilitazama ua. Ua ni zuri, nani atakataa?

Mwaka 1995 Uganda ililiachia fukusi kutoka Amerika Kusini, walitafune. Walilitafuna kweli, likapungua, watu wakashangilia. Gugu halikubisha. Mbegu zake zinaweza kulala matopeni miaka 15 na zaidi, na mwenye subira ya namna hiyo hana haja ya kugombana na mdudu.

Ila heshima yake kuu ni ya Aprili 2020. Korona ilikuwa imetufungia ndani. Magari binafsi marufuku, kafyu saa moja jioni, na hata kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari kulitaka ruhusa ya mkuu wa wilaya, yaani RDC. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka huo. Visiwa vya mafunjo na magugu vikang'oka ufukweni, vikaanza safari bila kumwomba RDC yeyote. Kimoja kilifika Jinja, kikaziba mitambo ya bwawa la Nalubaale, na umeme ukakatika nchi nzima. Mawaziri, wafungwa wa Luzira, wenye boti na sisi wenye sigiri, sote giza moja.

Kwa hiyo asinisimulie mtu urefu wa boti yake ya Munyonyo. Kwanza aniambie imewahi kuzima taa za wilaya ngapi.